Tumsome Richard Baxter kabla ya kuwahukumu Wapuritani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa dini, ambamo mwandishi aliwaonya wachungaji wa leo wasiwe "Wapuritani", akimaanisha watu wa kununa, wanaochukia nyimbo na vicheko vya waumini na kuifanya dini kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao. Sina ugomvi na onyo lenyewe, kwa maana wachungaji wa namna hiyo wapo na tumewaona. Ugomvi wangu ni juu ya jina. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na mzee wa kanisa la Anglikana huku Muheza, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisoma, kila nipatapo wasaa, habari za kasisi mmoja wa Uingereza aliyeitwa Richard Baxter, mmoja wa Wapuritani, yaani waumini waliotaka kulitengeneza zaidi Kanisa la Uingereza, aliyeishi tangu mwaka 1615 hadi 1691. Kadiri ninavyozidi kumsoma ndivyo ninavyozidi kuumia ninapoona jina la watu wa aina yake likitumiwa kama neno la kuzomea, hasa na sisi ambao hatujui waliishi vipi wala walifanya kazi gani Jumatatu asubuhi, baada ya mahubiri ya Jumapili kwisha.

Tena kuzomea huko kuna historia, kwa sababu jina hilo lilianza kama tusi, na Baxter alilisikia likirushwa kwa baba yake angali mtoto. Alizaliwa Rowton, katika jimbo la Shropshire upande wa magharibi wa Uingereza, akakulia kijiji cha Eaton Constantine, ambako baba yake alikuwa na shamba dogo lililoelemewa na madeni ya kamari ya ujanani. Baba huyo aligeuka mwenendo kwa kusoma Biblia mwenyewe nyumbani, pasipo kufundishwa na kasisi yeyote. Siku ya Jumapili, sala zikishasomwa upesi upesi kanisani, kijiji kizima kilikusanyika karibu na mlango wa nyumba yao, chini ya mti mkubwa, pale uliposimikwa mlingoti wa ngoma za mwezi Mei, wakacheza mpaka giza likaribie. Mpiga zumari alikuwa mpangaji wa baba yake huyo huyo. Ndani ya nyumba baba alijaribu kuwasomea watu wake Maandiko, lakini sauti yake ilimezwa na ngoma na zumari. Baxter alikiri uzeeni kwamba mara nyingi moyo wake ulivutwa na ile ngoma, na mara nyingine alichomoka akaenda kucheza na wenzake. Kilichomrudisha ni kuwasikia wachezaji wale wakimwita baba yake Mpuritani kwa dharau. Na baba huyo hakuwa mpinzani wa maaskofu, wala hakuwahi kutamka neno baya juu ya Kitabu cha Sala, kitabu cha ibada cha Kanisa la Uingereza. Kosa lake lilikuwa kusoma Biblia wakati wengine wanacheza, kusali na watu wa nyumbani mwake, na kuwakemea walevi.

Ni vizuri pia msomaji ajue kanisa la vijijini lilikuwa na hali gani wakati ule, maana pasipo hilo hamu ya Wapuritani ya kulitengeneza haieleweki. Kasisi wa kijijini kwao alikuwa mzee wa miaka kama 80 ambaye hakuwahi kuhubiri maisha yake yote. Macho yalipomwishia, sala alizisema kwa kichwa, na kwa masomo ya Biblia alimsimamisha mwaka mmoja kibarua wa kupura nafaka na mwaka mwingine fundi wa kushona nguo. Walimu waliomfundisha mtoto Richard kusoma walibadilishana mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao walikuwa walevi wa kupindukia. Mtu aliyelelewa hivyo, akija kusimama mbele ya makasisi wenzake na kuwaambia kwamba uzembe wao unaua roho za watu, hasemi kwa kiburi. Anasema aliyoyaona.

Hakusoma chuo kikuu, jambo lililomsumbua maisha yake yote ingawa alikuja kuwazidi wengi waliosoma huko. Alisoma vitabu. Siku moja mchuuzi maskini alipita mlangoni kwao akitembeza nyimbo zilizochapishwa na vitabu vichache vya dini, na baba akanunua kimoja kilichoandikwa na Richard Sibbes kuhusu mwanzi uliopondeka usiovunjwa na Bwana. Kitabu hicho ndicho kilichomwonyesha kijana huyo upendo wa Mungu, baada ya kingine cha awali kumwonyesha hukumu yake tu. Baadaye alijaribu maisha ya ikulu London kwa muda mfupi, hakuyapenda, akarudi nyumbani kumwuguza mama yake aliyekuwa akielekea kufa. Mwaka 1638 alipewa ushemasi huko Worcester, akawa mwalimu wa shule katika mji wa Dudley, kisha msaidizi wa kasisi huko Bridgnorth, na mwezi wa Aprili 1641 akaitwa Kidderminster.

Hapo Kidderminster ndipo ninapotaka kukaa, Mheshimiwa Mhariri. Ulikuwa mji mdogo wa wafumaji wa vitambaa vya sufu, watu wa kupata leo na kula leo, wenye familia kama 800 katika parokia nzima. Kasisi wao, George Dance, alikuwa akihubiri mara moja kwa miezi mitatu na kuonekana kilabuni zaidi ya hapo. Waumini walipotishia kumshtaki Bungeni, alikubali kutoa pauni 60 kila mwaka katika mapato yake ili aajiriwe mhubiri, na mhubiri huyo akawa Baxter. Mwanzoni hawakumpenda. Walevi walimtukana barabarani, na siku moja kundi la watu lilitoka na silaha kumtafuta baada ya uvumi kuenea kwamba anataka kuvunja sanamu za kanisani. Aliokoka kwa sababu alikuwa ametoka kutembea nje ya mji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vilipoanza mwaka 1642 alilazimika kuondoka, na hakurudi mpaka mwaka 1647. Aliporudi alikaa miaka 14, akiishi katika vyumba vichache vya juu katika nyumba ya mtu mwingine, na nyumba ya kasisi akamwachia yule yule Dance na mkewe waendelee kuikaa.

Katika miaka hiyo alibuni utaratibu wa kazi ambao kwangu mimi ndio moyo wa maisha yake. Aliona kwamba watu wanaweza kukaa mbele ya mimbari miaka kumi, wakaitikia amina kila Jumapili, na ukiwauliza Kristo ni nani wasijue la kujibu. Kwa hiyo siku za Jumatatu na Jumanne, tangu asubuhi hadi karibu na usiku, yeye na msaidizi wake walizitenga kwa ajili ya familia, moja baada ya nyingine. Karani wa kanisa aliwapitia watu wiki moja kabla na kuwaambia siku yao na saa yao: familia hii saa mbili asubuhi, inayofuata saa tatu, inayofuata saa nne. Msaidizi alizunguka vijijini, na watu wa mjini walimjia Baxter mwenyewe. Kila familia ilikaa naye kama saa nzima. Aliwasikiliza kwanza wakikariri katekisimu, kisha akawauliza kwa maneno mepesi kama wameielewa, kisha akazungumza nao juu ya maisha yao, na kwa kawaida hakuruhusu mtu wa familia nyingine kuwapo, ili asiwepo wa kuaibishwa kwa kutojua. Wawili hao walipokea familia kati ya 14 na 16 kwa wiki. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwa mwaka mmoja parokia nzima ya familia 800 ilikuwa karibu kumalizika, na mwaka uliofuata wakaanza upya.

Aliandika kwamba baadhi ya watu waliosikiliza mahubiri miaka kumi bila faida walipata maarifa na majuto mengi zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya karibu. Aliandika pia kwamba familia chache sana ziliondoka kwake bila machozi kidogo. Na hapa naomba yule mwandishi wa makala asimame atafakari: mtu wa fimbo hawezi kuzungumza na familia moja kwa saa nzima, wiki hata wiki, kwa miaka, na watu wakaendelea kuja kwa hiari. Kanisa lililokuwa likichukua watu kama 1,000 halikutosha, ikabidi zijengwe roshani tano ndani yake. Baxter alisema kwamba alipofika, katika mtaa mmoja ungekuta labda familia moja inayosali nyumbani, na alipoondoka kulikuwa na mitaa ambayo upande mzima ungekuta labda familia moja isiyosali. Na mtu akipita mjini siku ya Bwana aliweza kusikia familia mia zikiimba zaburi. Zikiimba, narudia, kwa ajili ya wale wanaosema Wapuritani walichukia nyimbo.

Kuna picha moja aliyoiacha ambayo hainitoki akilini. Anasema wafumaji wa Kidderminster walikuwa wakisimamisha kitabu mbele yao juu ya kitanda cha kufumia, wakasoma huku mikono ikipitisha uzi, au wakazungumza wawili wawili mambo ya imani bila kazi kusimama. Mama yangu mzazi alikuwa akisuka ukili barazani, na mimi nikiwa mdogo nilikaa miguuni pake nikimkaririsha katekisimu kwa ajili ya kipaimara, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Vidole havikusimama hata mara moja. Nikikosea neno alinirudisha, kwa sababu alikuwa amekwisha kulishika kwa kunisikia. Kwa hiyo ninapowasoma wafumaji wale wa miaka zaidi ya 350 iliyopita ninawaona kwa macho. Baxter alijua kwamba watu wake hawana fedha za vitabu, kwa hiyo badala ya kudai malipo kamili kwa wachapaji alichukua sehemu ya nakala zenyewe akazigawa bure, na kila familia katika zile 800 ilipata kitabu, na asiyekuwa na Biblia alipewa Biblia.

Tena hapakuwa na daktari mjini. Kwa miaka mitano au sita yeye, ambaye mwili wake mwenyewe ulijaa maradhi tangu ujana, alitibu watu bila kuchukua hata senti. Waliomjia asubuhi walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia, na hofu ya kumuua mtu kwa kutojua ilimnyima usingizi, mpaka akamshawishi tabibu aliyesomea kazi hiyo ahamie mjini, akaacha. Siwezi kuyasoma haya nikamwona mtu mkali aliyejitenga na watu.

Mambo ya vita na siasa nitayapita haraka. Alikuwa upande wa Bunge, na baada ya vita vya Naseby mwaka 1645 alikubali kuwa kasisi wa kikosi cha wapanda farasi, hasa kwa sababu aliogopa mafundisho aliyoyakuta yakivuma jeshini. Aliugua sana mwaka 1647, akatokwa na damu nyingi puani, na kwa kuamini kwamba anakufa akaanza kuandika juu ya pumziko la watakatifu mbinguni, kitabu kilichotoka mwaka 1650 na kusomwa na vizazi vingi. Lakini hakukubaliana na kuuawa kwa mfalme. Oliver Cromwell, jemadari wa upande wa Bunge, alipokuwa amekwisha kushika nchi, Baxter aliitwa kuhubiri mbele yake mwaka 1654, akahubiri juu ya ubaya wa mafarakano kati ya Wakristo. Na Cromwell alipomwita faragha na kumhutubia kwa muda mrefu, yeye alimwuliza waziwazi watu wa Uingereza wamekosa nini hata wanyang'anywe ufalme wao wa kale walioupenda. Mtu huyo huyo, ufalme uliporudi mwaka 1660, alifanywa kasisi wa mfalme mpya na kupewa uaskofu wa Hereford. Akaukataa. Aliomba jambo moja tu, kurudishwa kwa wafumaji wake Kidderminster, hata kama ni bila mshahara. Hakurudishwa. Askofu wa Worcester alimkataza kuhubiri katika dayosisi hiyo.

Sisi Waanglikana tunapaswa kuisoma sehemu hii kwa unyenyekevu, kwa kuwa waliomnyamazisha ni kanisa letu. Mwaka 1661 kulikuwa na mkutano kati ya maaskofu na Wapuritani katika jumba la Savoy, London, kuona kama Kitabu cha Sala kinaweza kurekebishwa ili dhamiri za wote zipone. Baxter aliandika utaratibu mzima wa ibada kwa muda wa wiki mbili. Alizungumza kupita kiasi pale, alibishana kila nukta, na hata waliompenda wanakubali kwamba hakuwa mtu wa kushinda mkutano. Ikaja sheria ya mwaka 1662, iliyomtaka kila kasisi akubali kila kilichomo katika Kitabu cha Sala, na yule ambaye hakuwekewa mikono na askofu awekewe. Tarehe 24 Agosti ya mwaka huo ilikuwa siku ya mwisho. Ukijumlisha na waliotolewa tangu mwaka 1660, makasisi kama 2,000 walipoteza parokia zao, nyumba zao na riziki zao, na wengi walikuwa na watoto wadogo. Baxter aliacha kuhubiri hadharani miezi mitatu kabla ya siku hiyo, ili wenzake waliokuwa wakimtazama yeye wasibaki na shaka juu ya atakachofanya. Alikuwa na miaka 46.

Baada ya wiki chache, tarehe 10 Septemba 1662, alioa. Margaret Charlton alikuwa binti wa ukoo wenye mali, mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, ambaye alifika Kidderminster na mama yake akiwa hapendi dini ya pale hata kidogo, akaugua mpaka ukingoni mwa kifo, na waumini wakafunga na kumwombea. Walikubaliana kabla ya ndoa kwamba Baxter asiguse mali ya mke, na mke asidai saa ambazo kazi ya uchungaji inazihitaji. Mwaka 1669 Baxter alipofungwa huko Clerkenwell kwa sababu ya kuhubiria watu nyumbani kwake, Margaret alihamia gerezani pamoja naye akiwa amebeba kitanda chao kilicho bora, na mumewe aliandika kwamba hadhani kama mkewe alipata kuwa na wakati wa furaha zaidi ya ule. Ni Margaret aliyekodi kumbi na kujenga nyumba za ibada kwa mali yake. Mwaka 1674 mume akihubiri katika ukumbi wa juu ya soko la St James's London, mbele ya watu kama 800, boriti kubwa ya sakafu ililia kwa kupasuka. Watu walipokuwa bado wanatazamana, Margaret alikuwa amekwisha teremka ngazi, akamuuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye kama anaweza kupata gogo la kuegemeza, na kwa rehema ya Mungu mtu huyo alikuwa seremala. Kesho yake walipofunua sakafu walishangaa kwamba haikuwa imeanguka.

Alipokufa mwezi wa Juni 1681, mumewe alikaa akaandika habari za maisha yake huku majonzi yakiwa mabichi. Humo anakiri kwamba katika kumshauri mtu mwenye dhamiri inayosumbuka, Margaret aliwazidi wanatheolojia wengi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea maswali. Anakiri pia kwamba mkewe alimlaumu kwa kuandika vitabu vingi mno, kwamba afadhali angeandika vichache akaviandika vizuri zaidi. Nimejaribu kusoma baadhi ya vitabu hivyo, ambavyo vinakaribia 140, na namuunga mkono Margaret. Lakini mume anayeliandika hilo akalichapisha ili dunia ilisome hafanani na sura ya Mpuritani tuliyochorewa.

Mwaka 1685 Baxter, sasa mgane mgonjwa wa miaka 69, alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu George Jeffreys kwa madai kwamba katika maelezo yake ya Agano Jipya amewatukana maaskofu. Jaji alimfokea mahakamani, akamwambia ameandika vitabu vya kujaza mkokoteni na kila kimoja kimejaa uchochezi. Alipigwa faini ya maki 500, yaani zaidi kidogo ya pauni 333, akafungwa mpaka mwezi wa Novemba 1686.

Limebaki jambo ambalo msomaji wa pwani yetu lazima aambiwe. Mwaka 1672 mfalme wa Uingereza aliipa hati Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watu kutoka Afrika Magharibi kwenda kuuzwa ng'ambo ya bahari. Mwaka uliofuata, 1673, Baxter alichapisha kitabu kikubwa cha mwongozo wa maisha ya Kikristo, na ndani yake akawaandikia wenye mashamba ya makoloni. Aliwaambia kwamba kwenda kama maharamia kuwakamata Waafrika wasio na kosa na kuwauza ni wizi mbaya kuliko karibu wizi wote duniani, kwamba wafanyao hivyo ni maadui wa wanadamu wote, na kwamba aliyemnunua mtu wa namna hiyo anapaswa kumwachilia, kwa kuwa mtu huyo kwa haki ni mali yake mwenyewe. Hakwenda mbali kama tunavyotamani: aliona bado kuna utumwa halali, kama wa mhalifu, wa mateka wa vita vya haki, au wa mtu aliyejiuza kwa umaskini, na mlango huo mdogo ulitosha kupitisha uovu mwingi. Lakini maneno yale yaliandikwa miaka 200 kamili kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, na kila ninapoingia katika kanisa letu la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko hilo, huyakumbuka.

Wala sitaki nifiche giza lake. Alishindana na Wabaptisti na Wakweka, Wakristo wa madhehebu mengine, kwa maneno makali kuliko ilivyostahili. Aliamini habari za wachawi kwa wepesi unaotisha. Mwaka wake wa mwisho, 1691, alitoa kitabu kizima cha visa vya mapepo na uchawi, na akakisifia cha Cotton Mather, kasisi wa Boston, Marekani, juu ya mambo hayo hayo. Mwaka uliofuata watu 19 walinyongwa huko Salem, karibu na Boston, kwa tuhuma za uchawi. Katika nchi ambayo bibi kizee anaweza kukatwa mapanga kwa sababu macho yake ni mekundu, kosa hili la Baxter hatuwezi kulipita kimya kimya, na mimi silipiti.

Dawa ya makosa mengine aliipata mwenyewe kwa kuishi muda mrefu. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1696, miaka mitano baada ya kufa kwake, kuna kurasa anazojipima: ujana wake na uzee wake. Anasema zamani alipenda mabishano ya kitaalamu, na sasa anarudi kila siku kwenye Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na Amri Kumi kama chakula chake. Anasema amegundua kwamba watu wema si wema kama alivyowadhania, na wabaya si wabaya kama maadui wao wanavyosema. Alipoulizwa yuko kundi gani, alipenda kujibu kwamba yeye ni Mkristo tu.

Mwisho, naomba kusahihisha jambo moja la tarehe na mahali. Makala ilisema kwamba Wapuritani "walikimbilia Marekani". Baadhi walikwenda, lakini wengi walibaki, na Baxter hakuvuka bahari hata siku moja. Kilichovuka ni kitabu chake kidogo cha kuwaita watu watubu, kilichotoka mwaka 1658 na kuchapishwa nakala 20,000 kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Mmisionari John Eliot alikitafsiri katika lugha ya wenyeji wa Massachusetts, huko Marekani, na tafsiri hiyo ikachapwa mwaka 1664. Mwandishi wake alifia London tarehe 8 Desemba 1691, akazikwa kanisani Christ Church, kando ya Margaret na mama yake Margaret.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga